Kununua boti si kuwa nahodha

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Usemi huo wafaa kukumbukwa wakati huu ambapo boti za injini zimekuwa chombo cha kawaida katika maji ya Tanzania. Tangu Moa, karibu na mpaka wa Kenya, hadi Msimbati mkoani Mtwara, na kandokando ya maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa, injini imeyapokonya matanga na makasia sehemu kubwa ya kazi yake. Serikali imekuwa ikikopesha boti kwa vikundi vya wavuvi. Vyama vya akiba na mikopo navyo hupokea maombi ya aina hiyo. Kadhalika, wapo watumishi wa umma na walimu ambao, wakikaribia kustaafu, hupiga hesabu ya kiinua mgongo chao na kuona kwamba boti moja, ikivua au ikibeba abiria, itawatunza uzeeni.

Fikira hiyo si mbaya hata kidogo. Nchi yenye bahari na maziwa makubwa kama yetu haiwezi kuyapa maji kisogo. Boti hupeleka mgonjwa hospitali kutoka kisiwani, hufikisha mitihani shuleni na samaki sokoni. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi na vyombo vyao vidogo ndio waliowahi kufika, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walinusurika. Boti iliyo katika mikono mizuri ni mali ya mwenyewe na ni akiba ya jirani zake pia.

Hata hivyo, iko dhana moja ambayo yapasa iondolewe mapema. Ni dhana ya kwamba mtu aliyelipa bei ya boti amekwisha kuwa mwenye chombo. Kwa kweli amenunua nusu tu. Nusu ya pili ni ujuzi, matunzo na nidhamu, nayo hununuliwa kwa muda na kwa unyenyekevu.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walivuka bahari kwa majahazi bila vyeti wala semina. Hoja hiyo husahau kwamba mzee huyo alianza akiwa mtoto wa kukumba maji ya ngama kwa upo, akapanda kuwa baharia, na baada ya miaka mingi ndipo alipokabidhiwa usukani. Tena tanga lilimpa muda. Chombo cha tanga kilikwenda polepole, na kila pepo ulipobadilika nahodha alipata nafasi ya kufikiri. Injini haina subira hiyo. Kwa saa moja humfikisha mtu mahali ambapo ujuzi wake haujafika, na ikizimika huko humwacha bila tanga, bila kasia na bila shauri. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya zamani na sasa, na ndiyo sababu mmiliki mpya wa boti ya injini anahitaji mafunzo zaidi, wala si pungufu, kuliko babu yake.

Matumizi kabla ya mashine

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata fedha hazijatoka mfukoni. Mnunuzi huanza kwa kuuliza nguvu za farasi ngapi, badala ya kuuliza kazi gani. Boti ya kuvulia dagaa usiku ziwani siyo boti ya kubebea abiria kati ya visiwa, na boti inayofaa ndani ya ghuba tulivu haifai nje ya miamba wakati wa kusi. Hapana budi kwanza kuandika: itabeba watu wangapi, mzigo kiasi gani, umbali gani na katika msimu upi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua urefu na kina cha boti, na boti ndiyo itakayoamua injini.

Injini kubwa kupita kiasi si fahari, ni mzigo. Huididimiza tezi, hulegeza ubao wa shetri inapofungwa, na hunywa mafuta bila faida. Injini ndogo kupita kiasi nayo haiwezi kushindana na mkondo wala upepo wa mbele. Kila muundaji wa boti anayeijua kazi yake huweka kipimo cha nguvu na cha uzito ambacho chombo kinaweza kuchukua. Kipimo hicho kiheshimiwe kama sheria.

Anayenunua chombo kilichotumika asiridhike na rangi mpya. Abonyeze ubao wa shetri na mbao za chini atafute penye kuoza. Injini iwashwe ikiwa majini, na mnunuzi atazame tundu dogo linalotoa maji ya kupoozea. Mkondo usipotoka kwa nguvu, kuna kasoro. Oili ya gia imwagwe kidogo mbele yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani. Na swali kubwa kuliko yote ni hili: fundi wa injini ya aina hiyo yuko wapi, na vipuri vyake vinauzwa wapi? Injini bora kabisa ambayo kipuri chake hakipatikani katika mkoa mzima ni chuma cha kutazamwa tu.

Kisha inafuata sheria. Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini, hata vile vidogo, uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar iko Mamlaka ya Usafiri Baharini. Kwa anayevua, ipo pia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na leseni zake. Baadhi ya watu huona ukaguzi kuwa usumbufu. Lakini mkaguzi anayekataa chombo kibovu kikiwa bado pwani amemwokoa mwenyewe kabla hajahitaji kuokolewa.

Mashine na matunzo yake

Injini mpya ni kama mtumishi mpya: saa zake za mwanzo huamua tabia yake ya baadaye. Kitabu cha mtengenezaji kisomwe, na kama kimeandikwa kwa lugha ya kigeni, mwalimu wa kijijini ana kazi nzuri ya kukifasiri. Kwa kawaida injini mpya haifunguliwi mwendo wote kwa muda mrefu katika saa 10 za mwanzo. Zile za mipigo miwili zinazochanganywa oili na petroli mara nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na oili zaidi katika kipindi hicho cha kuzizoesha. Zile za mipigo minne zina oili yake mbali, nayo ina tarehe zake za kubadilishwa. Anayekisia vipimo hivi kwa jicho ili apunguze gharama ya oili ataulipia uchumi huo kwa pistoni.

Maji ya chumvi hula chuma usiku na mchana. Kila injini itokapo baharini yapasa isafishwe kwa kupitishiwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka njia za ndani ziwe safi. Vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya injini vimewekwa ili viliwe badala ya injini yenyewe. Vikiisha na visibadilishwe, chumvi itahamia kwenye mwili wa mashine. Rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi, itazamwe kila siku kama imepinda au kama uzi wa nyavu umejiviringisha kwenye mhimili wake, kwa maana uzi huo hukata kizuizi cha mafuta na kuyaruhusu maji kuingia katika gia.

Mafuta ya petroli yanataka adabu yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini katika sakafu ya boti ukingoja cheche. Tangi linalobebeka lijazwe likiwa nchi kavu, nje ya chombo, bila sigara wala jiko karibu. Mafuta yachujwe, kwani maji na uchafu ndani ya dumu ndivyo vinavyozima injini nyingi katikati ya safari.

Kadhalika hesabu ya mafuta ni hesabu ya uhai. Kanuni inayojulikana na mabaharia ni ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la akiba ambalo haliguswi bila dharura. Injini ya nguvu za farasi 40 ikiendeshwa mwendo wote huweza kunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Safari ya saa 2 kwenda na saa 2 kurudi basi hutaka lita 60, na kwa kanuni hii boti haiondoki ikiwa na chini ya lita 90. Atakayesema kwamba lita 30 za ziada ni fedha zilizolala, na afikirie bei ya kukokotwa, au ya kutokupatikana kabisa.

Inafaa pia kila boti iwe na daftari. Ndani yake ziandikwe saa za injini, mafuta yaliyotumika, tarehe ya kubadilisha oili na plagi, na kila kasoro iliyoonekana. Watumishi wa ofisi wanaojua thamani ya faili hawahitaji kuhubiriwa juu ya jambo hili. Na kutoka kila mapato, fungu litengwe kwa ajili ya matengenezo na ya injini itakayofuata. Boti ambayo mapato yake yote huliwa inakula mtaji wake kimyakimya, na mkopo ubakie ukidai chombo ambacho hakipo tena.

Maji yana kalenda yake

Mwenye boti lazima aisome bahari kama mkulima asomavyo mvua. Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kuu: kaskazi, ambayo huvuma takriban Novemba hadi Machi, na kusi, ambayo huanza takriban Aprili na huwa kali katikati ya mwaka. Kati yake ziko nyakati za tangambili, ambapo upepo hauna msimamo. Maji hujaa na kupwa kwa muda wa saa 6 hivi kila mara, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja maji ya bamvu, ambayo hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu. Asiyejua haya atapita juu ya mwamba asubuhi, na jioni atakuta mwamba huo huo ukimngoja. Mkondo ukikutana na upepo unaotoka upande wa pili, mawimbi husimama mafupi na makali, hata siku ambayo upepo si mkubwa.

Ziwani mambo ni tofauti, lakini si mepesi. Katika Ziwa Victoria dhoruba za radi huzaliwa sana usiku na alfajiri, wakati ule ule ambapo wavuvi wako kazini. Makadirio ambayo yamekuwa yakitajwa kwa miaka mingi kuhusu ziwa hilo, katika nchi zote tatu zinazolizunguka, ni ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Hata kama hesabu hiyo ingepunguzwa nusu, ingetosha kuamsha kila mwenye mamlaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na tahadhari. Kusikiliza kabla ya kuondoka hakugharimu chochote. Na kughairi safari si woga. Nahodha aliyerudi kutoka nusu ya njia anaweza kwenda tena kesho.

Kuhusu kukutana na vyombo vingine, kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, zilizokubaliwa mwaka 1972, ni rahisi kiasi cha kufundishika darasani. Boti mbili za injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Zikikatizana njia, ile inayoiona nyingine upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Anayempita mwenzake ndiye anayejitenga. Na kwa kawaida chombo cha injini hupisha chombo cha tanga. Usiku, taa nyekundu hukaa kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe huonekana juu. Boti iendayo usiku bila taa haimdhuru mwenyewe peke yake.

Watu kwanza

Mengi yaliyotajwa yanahusu mali. Lakini mali hurudi. Taifa hili halijasahau tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu. Halijasahau tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander ilipozama katika safari ya Pemba. Wala halijasahau tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa, na kila ajali ina uchunguzi wake. Lakini watu wengi kuliko uwezo wa chombo ni ugonjwa unaotajwa tena na tena, nao huanzia katika boti ndogo ya watu kumi inayopakia kumi na watano kwa sababu "ni hapo tu ng'ambo."

Hapo tu ng'ambo ndipo watu wanapozama. Mwenye boti aandike idadi ya watu ubavuni mwa chombo chake, na aisimamie hata mbele ya mjomba wake na diwani wake. Uzito ukae chini na katikati. Abiria wakae, wasisimame wala kuhamia upande mmoja. Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu pwani. Jaketi lililofungwa kwenye mfuko chini ya omo halimsaidii mtu aliyekwisha kutupwa majini. Watoto wawe na majaketi ya kipimo chao.

Anayeendesha ajifunge kamba ya kuzimia injini, ili akianguka mashine inyamaze na boti isimrudie. Mtu akianguka upande wa kulia, usukani ugeuzwe kulia mara moja, ili tezi na rafadha viende mbali naye. Akianguka kushoto, vivyo hivyo kushoto. Kisha boti imrudie polepole ikielekea upepo, na injini izimwe kabla hajavutwa ndani. Injini ikifa karibu na mwamba, kazi ya kwanza ni kutia nanga, na ya pili ni kutafuta kasoro. Kamba ya nanga iwe ndefu mara 5 hadi 7 ya kina. Makasia mawili, upo, tochi, filimbi, maji ya kunywa, plagi za akiba, spana, kamba ya kuwashia na simu iliyofungwa katika mfuko usiopitisha maji si mizigo ya ziada. Na mtu mmoja pwani ajue boti inakwenda wapi, ina watu wangapi na itarudi saa ngapi, ili ikichelewa atoe taarifa kabla ya giza.

Pombe na usukani havikai pamoja. Wala nahodha hawezi kuwa wawili. Katika boti ya kikundi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Kikundi kichague mmoja wa kuamuru majini, na mwingine wa kushika daftari na fedha, na kila mmoja aheshimu mpaka wa mwenzake.

Wajibu wa ofisi na shule

Lingekuwa kosa kumtwisha mwenye boti lawama zote. Boti inapotolewa kwa mkopo, mara nyingi sherehe ya makabidhiano huwa kubwa kuliko mafunzo. Hotuba hutolewa, ufunguo hukabidhiwa, na kikundi hubaki na mashine ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifungua. Miezi michache baadaye boti hulala mchangani, nyasi zikaota kandoni, na ripoti ikaandikwa kwamba wananchi hawana utunzaji. Ripoti ya namna hiyo si ya haki. Aliyekopesha chombo bila ujuzi amekopesha nusu ya chombo, naye akumbuke hilo anapodai deni zima.

Kwa hiyo kila ofisi inayoidhinisha mkopo wa boti, iwe ya halmashauri, benki au ushirika, yapasa iweke masharti machache yaliyo wazi. Pasiwe na boti bila majaketi ya watu wote. Pasiwe na injini bila sanduku la spana na vipuri vya mwanzo. Pasiwe na mkopo kabla ya watu wawili wa kikundi kufunzwa kuendesha na kutengeneza kasoro ndogo. Na ofisa arudi kukitazama chombo baada ya miezi mitatu, akalisome daftari lake pale mwaloni, si ofisini.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto aliyezaliwa kisiwani Ukerewe, Mafia au Kojani atapanda boti maisha yake yote. Kumfundisha kuogelea, kuvaa jaketi na kumwambia nahodha kwamba chombo kimejaa ni elimu inayolingana na nyingine yoyote. Somo la kupwa na kujaa kwa maji laweza kufundishwa kwa ubao na chaki, kisha likahakikishwa kwa kutembea hadi pwani.

Maadam mtumishi aliyetumikia miaka thelathini anaweka kiinua mgongo chake chote juu ya maji, na maadam mama wa kisiwani anamkabidhi nahodha mtoto mgonjwa, boti haiwezi kuwa mchezo wala fahari ya mtu. Atakayenunua na anunue, kwa heri na kwa baraka. Lakini kabla ya safari ya kwanza na akae siku kadhaa tezini mwa nahodha mzoefu, akikumba ngama kama walivyoanza wazee, akiuliza na kusikiliza. Siku hizo zitampa kile ambacho bei ya boti haikumpa.